Lipu imeanguka pamoja na vigae vya zamani: ukuta wa bafu utayarishweje kabla ya kubandika vipya?

Swali: Ninaishi Tanga, katika nyumba ya matofali ya saruji ambayo marehemu baba aliijenga mwaka 1978, si mbali na bahari. Wiki iliyopita tulibandua vigae vya zamani vya bafuni, vile vyeupe vidogo vya sentimita 15 kwa 15, na lipu ikaanguka navyo. Sasa mahali pengine matofali yako wazi, pengine kuna mashimo ya kina cha vidole viwili, pengine saruji ya zamani imegoma kutoka, na chini karibu na sakafu ukuta unatoa unga mweupe. Upo pia ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Fundi anasema nisipoteze fedha kwa lipu mpya, kwa kuwa gundi ya vigae itajaza mashimo yote wakati anabandika. Vigae nilivyonunua ni vya poselini, sentimita 30 kwa 60, na ninataka vifike darini; zamani sehemu ya juu ilikuwa na rangi ya mafuta. Tuna arusi ya mdogo wangu baada ya wiki tatu. Je, nimsikilize fundi?

Jibu: Katika jambo hili la gundi, dada, usimsikilize, ingawa sitaki umwone kuwa ni fundi mbaya. Huenda alifundishwa kazi katika enzi ya vigae kama hivyo ulivyovibandua, na kwa vigae hivyo ushauri wake haukuwa na madhara makubwa. Vile vyeupe vidogo ni vya udongo uliochomwa, ambao hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliviloweka ndani ya pipa kwanza, kisha wakavipaka saruji tupu mgongoni na kuvigandamiza ukutani: saruji iliingia katika vinyweleo vya kigae na kukamatana nacho. Poselini ni kitu kingine kabisa. Hunyonya asilimia 0.5 ya maji au chini ya hapo, kwa hiyo saruji tupu haina pa kuingia, nayo ni nzito: meta moja ya mraba huwa na uzito wa kilo 20 hivi, maana yake kila kigae chako kimoja kinakaribia kilo 4. Mzigo huo utaning'inia juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

Gundi ya vigae ya unga, ile iliyochanganywa na polima, ndiyo inayofaa kwa poselini, lakini imetengenezwa kufanya kazi katika tabaka jembamba, ambalo kwa aina nyingi ni kati ya milimeta 3 na 10, kama mfuko wenyewe utakavyokueleza. Ikijazwa katika shimo la milimeta 30, uso hukauka mapema huku ndani kukiwa bado kubichi, kisha tabaka zima hunywea na kukivuta kigae kutoka mahali fundi alipokiweka. Hata kwa hesabu ya mfuko wa fedha ushauri huo haufai. Unga wa gundi hutumika takriban kilo 1.3 hadi 1.5 kwa kila milimeta moja ya unene katika meta moja ya mraba, hivyo kujaza milimeta 30 kutakula mifuko miwili ya kilo 20 kwa eneo la meta moja tu ya mraba. Saruji na mchanga vitajaza shimo hilohilo kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo, na vitashika vizuri zaidi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua ni sehemu gani ya ukuta inayostahili kubaki. Chukua nyundo ndogo, au mpini wa mwiko, ugonge ukuta mzima polepole, kila baada ya kiganja kimoja. Lipu iliyoshikana na tofali hutoa mlio mkavu na mfupi, ilhali ile iliyoachana nalo huvuma kama mtungi mtupu. Zungushia chaki kila panapovuma, kisha rudi na msumari ukwaruze yale maeneo yaliyolia vizuri, kwa sababu lipu inaweza kuwa imeshikana na tofali na bado ikawa imechoka yenyewe. Msumari ukiacha mstari mwembamba tu, lipu hiyo ni nzima. Ukichimba mfereji na mchanga ukamwagika kama unga wa sembe, hiyo haiwezi kubeba kilo 20, hata kama imesimama hapo kwa miaka zaidi ya 40.

Hapa watu wengi hufanya ubahili usio na faida, wakiacha visiwa vya lipu ya zamani kila panapoonekana bado pazima, mpaka ukuta unakuwa kama ramani ya visiwa vya baharini. Kila mpaka kati ya lipu kuukuu na mpya ni mahali panapoweza kupasuka, kwa kuwa mpya hunywea inapokauka na kuukuu imekwisha kunywea zamani. Msimamo wangu mimi, kwa bafu, ni kwamba theluthi moja ya ukuta ikivuma au ikimomonyoka, ukuta wote unashushwa hadi kwenye tofali. Ikiwa ni kidogo kuliko hapo, kata kingo za sehemu mbovu kwa grinda katika mistari iliyonyooka, ziwe pembe nne, badala ya kuacha kingo zilizochanika. Kwa maelezo uliyonipa, matofali kuwa wazi na chumvi kutoka chini, nadhani utaishia kushusha yote.

Ile saruji ya zamani iliyogoma kutoka haina haja ya kukunyima usingizi. Ikigongwa ikalia vizuri na isipojitokeza kuliko lipu itakapofika, iache, ila iparuzwe kwa tindo ili uso wake usiwe laini. Rangi ya mafuta, kinyume chake, haina msamaha: chochote kitakachobandikwa juu yake kitashikwa na rangi, si na ukuta, na rangi hiyo itabanduka siku moja kama ganda la yai la kuchemsha. Fundi akisema ataidonoadonoa kwa tindo, kubaliana naye ikiwa tu madonoo yamekaribiana kiasi kwamba rangi inayobaki ni kidogo kuliko iliyoondoka. Wakati wa kazi hii nyunyizieni ukuta maji, vaeni barakoa na miwani, kwa maana vumbi la saruji na mchanga lina silika inayoumiza mapafu, na vipande vya kigae kilichovunjika hukata kama wembe. Umeme wa hita ya maji uzimwe kwenye swichi kuu kabla tindo halijagusa ukuta.

Sasa tuje kwenye unga mweupe, ambao kwangu ndio jambo zito kuliko mashimo yote. Hiyo ni chumvi. Maji yaliyomo ndani ya ukuta huiyeyusha na kuibeba hadi juu ya uso, na yakisha kukauka huiacha hapo. Inapoganda nyuma ya lipu au nyuma ya kigae hutanuka na kusukuma, na nina shaka kwamba ndiyo iliyoidhoofisha lipu yako muda mrefu kabla ya nyundo kufika. Katika nyumba za pwani huwa na asili tatu. Pengine mchanga wa kujengea ulichotwa ufukoni, au saruji ilikorogwa kwa maji ya kisima chenye magadi. Pengine unyevu unapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa karatasi ya nailoni ya kuzuia maji. Pengine bomba linavuja ndani ya ukuta kimyakimya. La mwisho ndilo rahisi kulikagua: fungeni bomba zote za nyumba, muangalie mita ya maji kwa saa moja, na ikisogea mmempata mhalifu. Kwa unyevu wa ukuta wenyewe, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwa utepe pande zote nne, ukiache siku moja. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, ukuta bado una maji na hauko tayari kufunikwa na kitu chochote.

Chumvi huondolewa kwa brashi kavu, na unga wake huzolewa na kutupwa nje. Usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani na baada ya juma moja utaiona tena. Lipu ya eneo hilo ivuliwe mpaka angalau sentimita 30 juu ya mahali chumvi ilipoishia, hata kama huko juu bado inalia vizuri. Kisha toka nje uangalie upande wa pili wa ukuta. Mara nyingi udongo wa uani, kwa kufagiwa na kumwagwa miaka mingi, umepanda hadi kuvuka usawa wa sakafu ya ndani, na kila mvua ya masika inalowesha tofali moja kwa moja. Udongo huo uchimbwe ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na maji ya paa yaelekezwe mbali. Kazi hiyo ya jembe na toroli hufanya mengi kuliko dawa nyingi za madukani.

Nieleze pia kwamba kama nyumba yako ingekuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Pangani ya zamani, Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, jibu langu lingekuwa tofauti, kwa sababu kuta hizo huhitaji kupumua na lipu ya saruji huzifungia unyevu ndani. Huko ningekushauri lipu ya chokaa, na vigae viwe vichache kadiri inavyowezekana. Tofali lako la saruji halina shida hiyo.

Kuhusu ufa: unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka au kupanda mshazari ni wa kawaida, kwa kuwa kona ndipo mzigo wa ukuta unapokusanyika. Ukisha kuvua lipu utajua kama ulikuwa wa lipu peke yake au umeingia hadi kwenye tofali. Ukiwa umeingia, weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, na upime upana wake. Ufa ulio mpana kuliko milimeta 3, au unaovuka alama zake, au unaoonekana pia nje, ni wa kuonyeshwa mhandisi kabla ya kuonyeshwa fundi wa vigae. Ukiwa mwembamba na umetulia, panueni mdomo wake kwa tindo, uusafishe, uujaze saruji na mchanga, kisha juu yake upigiliwe wavu wa waya usioshika kutu, unaovuka ufa sentimita 15 kila upande, nao ufunikwe ndani ya lipu.

Kabla ya lipu kuanza, amua mambo ya mabomba. Nyumba ya 1978 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na mabomba ya chuma yanayokula kutu kutoka ndani. Ukuta umekwisha kufunguka bure. Kubadilisha sasa na kuweka ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto kutakugharimu kidogo kuliko kubomoa poselini mpya baada ya miaka miwili. Yakisha kufungwa, yaachwe yamejaa maji kwa nguvu kamili ya tangi usiku na mchana, na kila kiungo kipapaswe kwa karatasi kavu ya chooni, ambayo huonyesha tone ambalo jicho halilioni.

Mchanga uwe wa mto au wa shimo, usiwe wa ufukoni hata kama mwenye lori atakuapia kwamba umenyeshewa mvua tatu. Jaza theluthi moja ya chupa ya maji kwa mchanga huo, ongeza maji, tikisa, uache saa tatu. Tabaka la tope laini litakalotulia juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, mrudishie lori lake. Maji ya kukorogea yawe yale unayoweza kuyanywa.

Ukuta uliovuliwa usuguliwe kwa brashi ya waya, uondolewe vumbi, kisha ulowanishwe jioni na tena asubuhi, mpaka tofali liwe na unyevu ndani bila maji kung'aa juu yake. Tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijayatumia, na matokeo yake ni lipu yenye sura ya kuiva lakini inayopukutika. Tabaka la kwanza ni la kutupia: uji mzito wa saruji sehemu 1 kwa mchanga mkavu wa chembe kubwa sehemu 2, unaorushwa kwa mwiko kwa nguvu, ubaki umeparara, unene wa milimeta 3 hadi 5. Hapa fundi atakuambia kwamba yeye hupaka niru ya saruji tupu badala yake. Niru hufanya kazi ikiwa lipu inaifuata ingali mbichi. Ikikauka kwanza, na kwenye joto la Tanga hukauka wakati fundi anaweka chepe chini, hugeuka ganda laini linalotenganisha badala ya kuunganisha. Vivyo hivyo gundi nyeupe ya mbao ambayo baadhi huichanganya na saruji: ikilowa hulainika tena, na bafuni italowa.

Kesho yake ndipo lipu yenyewe. Kwa ukuta utakaobeba poselini ninapenda saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 4, ambayo kwa vipimo vya uwanjani ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo 7 za lita 20. Isizidi milimeta 15 kwa mkupuo mmoja. Mashimo yako ya vidole viwili yajazwe kwanza peke yake, pamoja na vipande vya tofali pale yanapozidi, yakwaruzwe kwa mistari ingali mbichi, na yaachwe mpaka kesho yake kabla ya tabaka la juu kupita. Fundi akijaza yote kwa mara moja, uzito wa lipu utaivuta chini na utaona tumbo katikati ya ukuta.

Uso wa mwisho umalizwe kwa kibao cha mbao, ubaki na mkwaruzo kama msasa. Mafundi wetu wana fahari ya kuung'arisha ukuta kwa mwiko wa chuma na niru mpaka ukae kama kioo, na ni fahari inayostahili sifa mahali pengine, lakini hapa inaharibu kazi, kwa sababu gundi inahitaji uso ulioparara. Kwa sababu hiyohiyo usikubali ukuta kupakwa unga wa jipsamu ili "kunyoosha", kama inavyofanywa sebuleni. Jipsamu na gundi ya saruji, vikikutana mahali penye unyevu, huunda fuwele zinazotanuka kwenye mpaka wao na kukisukuma kigae nje.

Unyofu wenyewe upatikane kwenye lipu. Timazi ining'inizwe kila kona, na ubao mnyoofu wa meta 2 ulazwe ukutani kwa kila upande: nafasi chini yake isizidi milimeta 3, kiwango ambacho Waingereza wamekiandika katika BS 5385, mwongozo wao wa ubandikaji wa vigae, kwa vigae vinavyobandikwa kwa gundi nyembamba. Vigae vya sentimita 15 vilificha makosa. Vya sentimita 60 huyatangaza, hasa kwenye kona. Pima kona kwa sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima upate 100 kamili, la sivyo utaona vipande vya pembetatu vimekatwa kuanzia sakafuni hadi darini.

Lipu ikisha kumalizwa, inyunyiziwe maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7, huku dirisha likiwa limefungwa, kwani upepo wa kaskazi hunyonya maji ya lipu haraka kuliko jua. Baada ya hapo fungua dirisha, uache ikauke. Kiwango hichohicho cha Uingereza kinataka lipu ya saruji ipewe angalau wiki mbili kabla ya kigae. Mimi, karibu na bahari, huenda wiki tatu, na jaribio la nailoni nililokueleza ndilo linaloamua. Kisha sehemu ya kuogea, tangu sakafu hadi meta 2 juu, ipakwe dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa kwanza wima na wa pili mlalo, na kitambaa chake kilazwe kwenye kona na mahali ukuta unapokutana na sakafu. Hapo ndipo mwiko wa meno utatoka, na fundi akipaka gundi ukutani na mgongoni mwa kigae pia, asiweke madonge matano kama ya sambusa na kuacha uwazi katikati, kwa sababu uwazi huo hujaa maji.

Ukijumlisha siku hizo utaona kwamba arusi na bafu haviwezi kukutana. Siku mbili za kuvua, mbili au tatu za mabomba, tatu za kutupia na kupiga lipu, saba za kunyunyizia, na tayari wiki mbili zimekwenda bila kigae hata kimoja. Ushauri wangu ni kwamba lipu ikamilike katika wiki hizo mbili, mlango wa bafu hilo ufungwe na dirisha libaki wazi, na wageni waelekezwe kwenye choo cha uani, ambako utaweka mapipa mawili, ndoo na kata mpya. Wakati ninyi mnashughulika na pilau na ngoma, ukuta utakuwa unakauka bila kusumbuliwa na mtu. Fundi mwambie arudi wiki moja baada ya maharusi kuondoka, na siku hiyo, kabla hajafungua mfuko wa gundi, mpe nyundo ndogo agonge ukuta mzima mbele yako.